Mtu Aliyepimwa Akiwa Mzima

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, pale Mikumi barabara ya Kidodi inapoachana na barabara kuu, mbele ya banda la kuchomelea la Goodhope. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda changu, na jiko la mkaa, birika, ndoo ya kuoshea vikombe na sinia la kashata. Wapo wanaoshangaa mwanamke kuuza kahawa kijiweni. Nawaambia kahawa yenyewe haijalalamika. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu, na nilikuwa nimewazoea kama maumivu ya goti. Mathias, dalali wa viwanja, mtu wa milimani Vidunda, mrefu kuliko mlango wowote wa hapa mjini, tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia. Mudathir tulimwita Waziri. Baba yake alifanya kazi reli ya Kilosa, na yeye huongea kana kwamba reli nzima aliachiwa urithi. Wa tatu Vitalis, dereva wa bodaboda, yeye ni Chapati, maana asubuhi hatoi neno mpaka apate moja. Naandika haya kwa kuwa watu wananiuliza mbona siku hizi benchi limepoa, na wale wenyewe wakiulizwa wanaangalia saa.

Habari inaanza na Mzungu. Alitoka Uholanzi, na jina lake la kwao lilikuwa la kuvunja taya, likawa Yosti. Huko kwao alikuwa fundi wa treni za mjini. Alistaafu, mkewe akafariki, akaja kutazama tembo wa Mikumi kwa wiki moja, akarudi kwao, akauza vitu, akaja tena na masanduku mawili. Akapanga vyumba viwili kwa Mama Loveth nyuma ya soko. Wiki za kwanza alikuwa burudani ya mtaa. Aliwaamkia shikamoo watoto wa chekechea, nao wakawa wanajipanga njiani makusudi wamwitikie marahaba kwa sauti za kizee, mpaka Mama Loveth akawatoa kwa fagio. Akifua, suruali zake za ndani zilianikwa mbele ya nyumba, zinawapokea wageni. Bombani alipanga foleni na ndoo yake kama watu wengine, na akina mama wakimwambia apite mbele alikataa akawa mwekundu. Msibani kwa mara ya kwanza alikwenda kukaa kwenye jamvi la wanawake, akapewa mtoto wa kubeba, akabeba mpaka mazishi.

Kijiweni ndiko alikojifunza mengi. Alikuja kila asubuhi, akaniamkia mimi kwanza, akanywa vikombe viwili bila kashata. Tulimfundisha kwamba ukikuta watu wamekaa usipite kimya, na kwamba ukialikwa chakula useme umeshiba huku unanawa mikono. Siku moja alimuuliza Waziri, mbele ya watu wote, mbona mkewe amehamia kwa mama yake. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Waziri alimeza kahawa ya moto yote. Redio akamvuta mzee wa watu pembeni, akamweleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba mambo ya nyumbani kwa mtu hayasemwi mbele ya watu, hata kama unayajua, labda ayaseme mwenyewe. Yosti akayarudia maneno hayo neno kwa neno, akaomba radhi.

Basi mzee akanunua guta. Kwa asiyelijua, guta ni ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha chuma nyuma, ya kubebea mchanga, magunia, mbuzi, na wakati mwingine bibi harusi. Lake lilikuwa limekwisha kazi, limeokolewa kwa muuza mchanga. Akalisukuma mpaka kwa Goodhope, na kuanzia hapo wawili hao wakawa kama watoto na tope. Injini ikafunguliwa. Gia zikabadilishwa ili lipande mlima taratibu bila kuchoka. Breki zikaongezwa za mkono. Kisha wakakata kitanda cha nyuma, wakakirefusha kwa vyuma, na juu yake wakatengeneza kitanda cha pili cha mbao, kinaning'inia kwenye mipira ya tyubu iliyochanwa vipande. Ukikibonyeza kilishuka na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala.

Benchi liko hatua chache tu kutoka pale. Yeyote kati yetu angeweza kunyanyuka akauliza, mzee, unatengeneza nini? Hakunyanyuka mtu. Mimi pia sikunyanyuka, sababu niliona kahawa inatoka. Dhana inauza kahawa kuliko msiba.

Chapati alianza kwa unyenyekevu. Alidhani mzee anataka kubeba watalii, awalaze chali wahesabu nyota, awatoze dola. Waziri akalikataa wazo hilo kwa mkono tu. Akasema hebu tazameni, kitanda kina sakafu mbili, ya chuma na ya mbao.

— Hapo katikati panaingia nini? akauliza.

— Hewa, nikasema mimi.

— Bibi, pembe za ndovu. Zinalala pale kimya. Juu unaweka ndizi. Unakatiza hifadhi unapunga mkono.

Nikamwambia guta lile mwendo wake ni wa mbuzi mwenye mimba, askari wa wanyamapori watalisindikiza kwa miguu huku wanakula hizo ndizi. Hakucheka. Mtu akishapata dhana yake huipenda kama mtoto mgonjwa.

Redio naye hakuwahi kuridhika na dhana ya mtu mwingine. Ya kwake ilikuwa mali ya Mjerumani. Alisimulia kwamba babu yake aliambiwa na babu yake kuwa Wajerumani walipokimbia walificha masanduku milimani, na mpaka leo hayajaonekana. Chapati akamkumbusha kwamba huyu ni Mholanzi.

— Uholanzi na Ujerumani ni kama Kilosa na Gairo, Redio akasema. Ukipiga kelele huku wanaitika kule. Na niambie, kila Jumapili anapanda Vidunda kufanya nini? Kuhiji?

Hilo likatuingia. Ni kweli kila Jumapili mzee alikuwa anapanda Vidunda na fimbo yake, anarudi Jumatatu na tope na mkungu mdogo wa ndizi, amechoka, amefurahi. Kwao ni nchi bapa, tulijiambia, labda anashangaa tu mlima. Lakini nani anashangaa mlima kila wiki?

Chapati akamwambia Redio, si ungemuuliza mzee wako kule, tujue huyu Mzungu anachimba wapi. Redio akasema mzee wake hana muda wa Wazungu. Yuko ngangari, analima, anapanda ule mlima kama mbuzi. Siku zote tukimuulizia baba yake alisema hivyo hivyo, na sisi tukasema mshukuru Mungu, tukaendelea na kahawa.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi, asubuhi nzuri tu. Yosti alitoka bandani na tepu ya kupimia, akaniamkia, akawasabahi wengine, akasimama mbele ya Redio.

— Mathias, naomba ulale.

— Nilale wapi, mzee?

— Hapa kwenye guta. Kwa muda kidogo. Urefu wako ndio wenyewe.

Redio akipata watu wa kumtazama hahitaji kubembelezwa. Alivua makubazi, akapanda, akalala chali, akafunga mikono kifuani na kutoa ulimi. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Yosti akavuta tepu kutoka utosini mpaka kisigino, akachora kwa chaki kwenye chuma. Akapima mabega. Akaingiza kiganja chini ya nyonga, akabonyeza, akauliza kama hapo patauma njia ikiwa mbaya. Redio akasema kinachomuuma ni njaa. Mzee akacheka pia, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kuliko kawaida.

— Asante sana, akasema. Itamtosha.

Nilidhani amekosea, kwamba alitaka kusema imetosha. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na wakati mwingine kurasa zilichanganyika. Goodhope akaanza kukata chuma kwa kufuata ile chaki, cheche zikaruka, na kicheko chetu hakikumaliza kikombe. Waziri aliweka chake chini.

— Redio, nani alikupima mara ya mwisho?

— Fundi nguo.

— Ukiwa umesimama au umelala?

Redio akaanza kutafuta makubazi yake.

— Mtu anapimwa amelala siku moja tu, Waziri akasema. Na siku hiyo yeye hacheki.

Hapo lazima niseme, maana asiyekuwa wa huku hataelewa baridi iliyopita pale. Kwetu, awe Mwislamu awe Mkristo, mtu akifa anakuja mmoja na kamba au mwanzi, anachukua urefu wa marehemu, anaupeleka kwa wachimbaji. Kamba ile haifungii mbuzi tena. Mtu aliye hai akijilaza ukamwekea kipimo, hata mtoto mdogo atakukemea. Na sisi tulikuwa tumekaa tunacheka huku mwenzetu anapimwa utosi mpaka kisigino, na alama inawekwa kwenye chuma.

Chapati akasema oyaa Waziri, acha hizo, lakini alikuwa ameshaacha kutafuna. Waziri akazidi kupata nguvu. Akaunganisha: milima, masanduku, kipimo. Mali ya Mjerumani ina walinzi wasioonekana, akasema, na walinzi wanataka mtu mmoja, na mtu huyo lazima alingane na sanduku.

— Sanduku la Mjerumani lina futi sita na nusu, akasema. Mikumi nzima nani mwingine ana futi sita na nusu?

— Nani alilipima? nikamuuliza.

— Bibi, mambo mengine hayapimwi.

— Si umetutajia futi sasa hivi.

Wakanifanyia ishara ya kuninyamazisha, kwa heshima, kama unavyomfanyia bibi kizee. Redio alikuwa amevaa makubazi yake mguu wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Kesho yake alikuja na rozari ya mkewe shingoni na hirizi ya jirani yake mkononi, hataki kupitwa na msaada wowote. Akanyoosha kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki, na kikao kikawekwa Jumatatu jioni, mzee akisharudi mlimani.

Mwenyekiti wetu ni mtu anayependa jambo life kabla halijafika mezani kwake. Lakini watu walikuwa wameshajaa barazani kwake, na mimi nilifunga jiko nikaenda, kama wote. Akaanza na Goodhope. Goodhope, aliyekula na kunywa na yule mzee bandani, alizungusha miwani yake ya kuchomelea mikononi, akasema yeye anachomelea anachoambiwa. Basi. Nilimwona Yosti akigeuza shingo kumtazama, halafu akaacha.

Ikafika zamu yake. Akasimama, akawasalimu wazee, akasalimu vijana, akasema guta ni la kumbebea mgonjwa aliyelala. Anatoka Vidunda, mahali gari halifiki tangu mvua za masika zikate barabara. Hawezi kukaa, ndiyo sababu ya kitanda. Njia ina mawe, ndiyo sababu ya mipira. Ni mrefu sana, ndiyo sababu ya kupima.

— Mgonjwa gani? mwenyekiti akauliza.

Yosti akamgeukia Redio. Alimtazama kwa adabu tu, jinsi unavyosimama pembeni ya mlango kumpisha mwenye nyumba aingie kwanza. Macho yetu yote yakafuata. Redio alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, na shingo yake, nilikuwa nyuma yake, ilikuwa imelowa.

— Mzee, nakuuliza. Huyo mgonjwa hana jina?

— Ana jina, Yosti akasema. Lakini ni mambo ya nyumbani kwa mtu. Mwenyewe yupo.

Watu wakaguna kama nyuki. Waziri akasema mmesikia, mmesikia wenyewe. Mimi nilijua maneno yale yametoka kwenye mdomo upi na juu ya benchi lipi. Nilitazama ile shingo iliyolowa. Nikaufungua mdomo wangu, ambao mji mzima unaujua, nikaufunga.

Ikaamuliwa guta lifungwe mnyororo uani kwa mwenyekiti mpaka Mzungu aende Morogoro akalete karatasi inayoeleza anafanya nini hapa. Ufunguo ukaingia mfukoni kwa mwenyekiti. Yosti hakubisha. Alisema tu kwamba Alhamisi angelihitaji guta, wakamwambia kila kitu kwa utaratibu. Asubuhi yake alipanda basi na bahasha yake. Mwenyekiti naye akaenda Kilosa kwenye kikao, na ufunguo ukaenda naye.

Siku zile zilizofuata Redio alikaa benchini akitununulia kahawa wote na kuongea kidogo. Waziri aliongea kwa wawili. Chapati, ambaye si mjinga, ni kijana tu, akauliza taratibu:

— Redio, kwani huko kwenu Vidunda nani mgonjwa?

— Wagonjwa wako kila mahali.

— Mzee wako lakini hajambo?

— Yuko ngangari. Juzi kashusha ndizi mwenyewe.

Nikamjazia kikombe. Akakinywa bila kukipuliza.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa limeshapanda pale fuso la ndizi liliposimama na mwanamke akashuka. Kanga moja kiunoni, nyingine begani, udongo mwekundu mpaka magotini. Kabla hajasema neno nilijua ni wa nani. Lilikuwa ni paji la uso lile lile, na urefu ule ule, umevishwa kanga.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba mwanangu. Kaa upumzike.

— Sitakaa bibi. Namtafuta Mzee Yosti, yule Mzungu wa guta.

Redio alikuwa amekaa nyuma ya Waziri, anajaribu kuwa mfupi. Si kazi rahisi kwa mtu kama yeye. Mwanamke hakuwa amemwona. Akaeleza, haraka haraka, kwamba wamemshusha baba yao kwa machela tangu alfajiri mpaka kigangoni, kile kikanisa cha katikati ya mlima, kama walivyopatana na Mzee Yosti. Kuanzia pale njia ni pana kidogo, guta linapita. Gari haliwezi. Pikipiki inafika, lakini utamkalishaje kwenye pikipiki mtu mwenye nyonga iliyovunjika. Wamengoja. Huko juu simu haishiki. Wabebaji walikuwa wanne, wawili wamerudi shambani, na jua limeshafika alipolala baba.

— Pole dada, Waziri akasema. Ameanza lini kuumwa?

— Masika. Alianguka na mkungu wa ndizi. Tukamfunga vijiti kwa mganga wa mifupa, haikushika. Amelala tangu hapo, sasa mgongo wote ni vidonda.

Masika. Tulikuwa tunangoja mvua za vuli.

— Baba yenu ndiye nani? Chapati akauliza, na nadhani alishajua, alitaka tu kusikia kitu kingine.

Mwanamke akageuka kumjibu, na hapo akamwona kaka yake. Redio akasimama. Hakuwa na namna. Alisimama kwa vipande, kama kitanda cha kukunja.

— Rebeka, akasema.

— Shikamoo kaka.

Alimwamkia. Kwanza kabla ya yote alimwamkia, na kupiga goti kidogo, kama alivyolelewa. Ile marahaba ilimtoka Redio kama mfupa.

— Mzee Yosti yuko wapi, kaka? Rebeka akauliza. Jumapili iliyopita alituambia amekupima wewe ili kitanda kimtoshe baba, maana baba hanyoosheki kupimwa. Alisema ulijilaza mwenyewe, ukacheka. Mimi nikafurahi. Nikamwambia baba, kaka amekubali.

Waziri, mwenye maneno ya reli nzima, alikuwa anasugua doa kwenye goti la suruali ambalo halikuwepo. Nikaona kama sitasema mimi tutazeeka pale, na mimi sina muda huo. Nikamwambia. Pembe, masanduku, walinzi, kipimo, kikao, mnyororo, Morogoro. Kijiweni maneno yale yalikuwa matamu na kila mtu aliongeza sukari. Mbele ya yule mwanamke mwenye tope miguuni yalitoka kama kitu unachokitapika mbele za watu, kila punje inaonekana. Nilipofika kwenye kikao aliniuliza jambo moja.

— Na kaka alikuwepo?

— Alikuwepo.

— Mzee hakueleza ni la baba?

— Alieleza yote isipokuwa jina. Jina alimwachia kaka yako.

Rebeka hakulia wala hakupaza sauti. Nilimpa maji, akanywa kikombe chote amesimama.

Nyuma yetu mashine ya Goodhope ilikuwa imezimwa muda mrefu. Alitoka bandani na msumeno wa chuma mkononi, hakumtazama mtu, akavuka barabara kuelekea uani kwa mwenyekiti. Chapati akawasha pikipiki akamfuata. Tukabaki tunasikiliza chuma kikilia juu ya chuma kutoka upande ule, kama mtu anayekoroma vibaya.

Redio ndiye aliyeanza kusema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ningeweza kuifunika kwa kikombe.

— Wiki ya kwanza sikuja kwa sababu ya kiwanja, mteja alikuwa anatoka Dar. Ya pili sikuja kwa sababu sikuja ya kwanza. Halafu ikawa hivyo. Ningeingiaje pale, Rebeka? Ningeanzia wapi?

— Ungeanzia mlangoni, Rebeka akasema.

Guta likaja na Goodhope juu yake, kipande cha mnyororo bado kinaning'inia kwenye gurudumu. Ajabu ya kile chombo, sikuwahi kukitazama vizuri nilipokuwa nasikiliza dhana zake. Kilikuwa na turubai la kuzuia jua lililoshonwa kwa mkono. Kilikuwa na mto. Pembeni palikuwa na mahali pa kusimamisha chupa ya maji, karibu na kichwa, ambapo mtu aliyelala angeifikia bila kumwomba mtu. Mtu gani anayeiba pembe akakumbuka chupa ya maji? Na sisi, wenye macho sita pale benchini bila kuhesabu yangu, hatukuiona.

Rebeka akapanda, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakibonyeza kwa mkono kuona kinavyoshuka. Redio akaja mbio, akaweka mguu mmoja juu ya chuma. Dada yake hakumsukuma. Alishika tu ule mkono wake uliokuwa umeshika ukingo, akaushusha.

— Baba ana akili zake zote, kaka, akasema. Kitu cha kwanza ataniuliza mbona tumechelewa, nani alilifunga guta. Nimwambie nani?

Lilikuwa swali la kweli. Hakuuliza kwa kejeli, alitaka jibu aondoke nalo, maana mzee kule juu angemuuliza na yeye si mwongo. Redio akafungua mdomo. Akamtazama Waziri. Waziri akatazama kwa mwenyekiti, ambako hakukuwa na mtu. Chapati aliinamia tangi la pikipiki yake akalisugua kwa kidole. Goodhope, juu ya usukani, aliangalia mbele. Rebeka akatufikia mmoja mmoja kwa macho, akafika na kwangu, nami nikaanza kupanga kashata ambazo zilikuwa zimepangika.

Alipotumaliza wote, akagonga chuma mara moja, na Goodhope akaondoa guta. Chapati akafuata nyuma kusaidia kusukuma mlimani.

Redio alibaki katikati ya barabara, mkono bado umekaa kama umeshika kitu. Kisha akaanza kutembea kufuata barabara ya Kidodi, kwa miguu, bila kofia, kama mtu asiyejua ni mbali kiasi gani. Bodaboda wawili walimsimamia. Aliwapungia waende.

Tukabaki mimi na Waziri. Alikaa pale muda mrefu, peke yake kwenye ubao wa watu wanne. Mwishowe akasogeza kikombe chake kwangu bila kuniangalia.

— Bibi, nipe kimoja tu.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa jikoni kati yetu, limejaa, mfuniko unacheza kwa mvuke, tunalitazama wote wawili.